Kusitiri na Kudhihirisha: Uhakiki wa Lugha ya Ripoti za Uchunguzi Kuhusu Watoto Waliokosa Ulinzi

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuelekeza macho yao kwenye ushairi, riwaya na tamthilia, na kuziachia ofisi maandishi yake. Mgawanyo huu una hasara. Ripoti ya tume ya uchunguzi ni utungo kama tungo nyingine: ina msimulizi, ina wahusika, ina mpangilio wa matukio, ina hadhira, na ina fani inayoweza kuyabeba maudhui yake au kuyazamisha. Tofauti iliyopo ni kwamba riwaya mbaya humchosha msomaji, ilhali ripoti mbaya huweza kumdhulumu mara ya pili mtu aliyekwisha kudhulumiwa.

Makala haya yanachunguza aina moja tu ya ripoti hizo, yaani zile zinazotolewa kwa umma baada ya kugunduliwa kwamba watoto waliopaswa kulindwa na idara za serikali, shule, hospitali au mashirika ya dini hawakulindwa. Hoja inayojengwa ni hii: ripoti ya namna hiyo ina wajibu wa aina mbili, wa kusitiri na wa kudhihirisha. Hapana budi imsitiri mtoto, na hapana budi imdhihirishe aliyetenda na aliyeacha kutenda. Ripoti dhaifu hupindua wajibu huu. Humweka mtoto uwanjani na kumficha mtenda nyuma ya sarufi. Kwa hiyo kasoro ya ripoti kama hizo, pamoja na kuwa ya kisheria na ya kisiasa, aghalabu ni kasoro ya sentensi.

Wahenga walisema kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona yote na hutakiwa kuona yote, kwani asipoangalia hawezi kuosha. Hata hivyo hatoki nje akaueleza mkutano alichokiona mwilini. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yahusu heshima ya mtendwa. Ya pili yahusu hatari ya kuficha chanzo cha ugonjwa. Mwandishi wa ripoti huishi baina yazo, na ustadi wake hupimwa kwa kujua ni ipi itumike wapi.

Mifano mikuu imechukuliwa kutoka Uingereza, Ayalandi na Australia, kwa sababu ripoti za huko zimechapishwa kwa ukamilifu, zimesomwa na watu wengi na zimekwisha kujadiliwa kwa miaka. Manufaa yake kwa msomaji wa Kiswahili yatadhihirika katika sehemu zinazohusu sarufi na msamiati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na siku ambayo ripoti za namna hii zitaandikwa kwa Kiswahili kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, badala ya kufasiriwa vipande vipande na magazeti, yafaa lugha iwe imekwisha kujiandaa.

Sarufi ya lawama

Mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unampa mwandishi uwezo ambao lugha nyingi hazina. Tuchukue sentensi tatu: "Mlezi alimuumiza mtoto", "Mtoto aliumizwa", "Mtoto aliumia". Katika ya kwanza mtenda ni kiima. Katika ya pili, iliyo katika kauli ya kutendwa, mtenda ameondolewa lakini kiti chake kipo: msomaji anaweza kuuliza "Na nani?" na sarufi inamruhusu kujibiwa. Katika ya tatu kiti chenyewe kimeondolewa. Mtoto ameumia kama aumiavyo mtu aliyejikwaa.

Hali ni hiyo hiyo katika kauli ya kutendeka. "Faili lilipotezwa" inamtaka mpotezaji. "Faili lilipotea" haimtaki mtu yeyote. "Makosa yalifanywa" inabakiza mlango wazi. "Makosa yalifanyika" inaufunga kwa upole. Kauli ya kutendeka ina kazi zake halali. Hueleza hali, kama katika "kioo kimevunjika", na hueleza uwezekano, kama katika "njia hii inapitika". Inapotumiwa kueleza tendo la binadamu mwenye mshahara na wajibu, inakuwa pazia.

Pazia la pili ni nomino dhahania za ngeli ya U. Ripoti za ofisi hupenda kuandika kwamba "kulikuwa na ukosefu wa mawasiliano", au kwamba "upungufu wa usimamizi ulichangia tukio". Ukosefu, upungufu, ulegevu na uzembe hugeuka kuwa wahusika wakuu wa hadithi. Wanatembea, wanasababisha, wanachangia. Lakini hawawezi kuitwa mahakamani wala kuachishwa kazi. Msomaji akiandika upya sentensi hiyo kwa kutafuta kiima chenye uhai, ataona kwamba kilichokusudiwa ni kuwa msimamizi fulani hakusoma faili, au kwamba ofisi moja haikuipigia simu ofisi nyingine. Hapo ndipo lawama hupata makao.

Ni dhahiri kwamba mtenda hawezi kutajwa kila mara. Huenda ushahidi haukutosha. Huenda kesi iko mahakamani. Huenda kumtaja mtenda kutamtambulisha mtoto, hasa ikiwa ni ndugu yake. Katika hali hizo unyofu wahitaji sentensi nyingine iandikwe waziwazi, ya kueleza kwamba haikubainika ni nani aliyetenda, au kwamba jina limezuiliwa na kwa sababu gani. Kunyamaza kunakotangazwa ni tofauti na kunyamaza kunakofichwa ndani ya kitenzi.

Jina lililorudishwa: Uingereza, 2003

Ripoti iliyotolewa Januari 2003 na tume iliyoongozwa na Lord Laming ilihusu kifo cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Ivory Coast, aliyefariki London tarehe 25 Februari 2000 akiwa na majeraha 128 mwilini. Wazazi wake walikuwa wamemkabidhi kwa shangazi wa baba yake wakitumaini kwamba angepata elimu Ulaya, desturi ambayo msomaji wa Afrika hahitaji kufafanuliwa. Baadaye mlezi huyo na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kwa mauaji.

Jambo la kwanza linalostahili kuangaliwa ni jina. Mtoto huyu aliingizwa Uingereza kwa pasipoti iliyokuwa na jina la msichana mwingine, na kwa miezi yote aliyoishi huko maafisa, madaktari na polisi walimjua kwa jina la Anna. Ripoti inamwita Victoria tangu mwanzo hadi mwisho. Uamuzi huu ni wa kiuandishi, lakini uzito wake ni mkubwa. Katika mafaili ya ofisi aliishi mtoto ambaye hakuwapo. Katika ripoti anarudishiwa nafsi yake. Aidha utangulizi unaanza na kumbukumbu ya tabasamu lake kama lilivyosimuliwa na shahidi mmoja, kabla ya hesabu ya majeraha. Msomaji hukutana na mtu kabla ya kukutana na maiti.

Jambo la pili ni mpangilio. Ripoti inafuata njia ya mtoto kutoka ofisi hadi ofisi: idara nne za ustawi wa jamii, vikosi viwili vya polisi wa kulinda watoto, hospitali mbili, na kituo maalumu cha shirika la hiari. Inahesabu nafasi zisizopungua 12 ambapo mtu fulani angeweza kuingilia kati na hakuingilia. Ofisi ya kwanza ilimwona kama sehemu ya tatizo la makazi la mlezi wake. Katika hospitali moja alama za mwilini mwake zilielezwa kuwa upele wa kuambukiza, na neno hilo moja likazima shaka iliyokuwa imewashwa na madaktari wengine. Uteuzi wa neno ulikuwa uteuzi wa hatima. Ni nadra kwa mhakiki wa lugha kupata mfano ulio wazi hivi wa jinsi msamiati unavyotenda.

Jambo la tatu ni lugha yenyewe. Victoria alikuwa msemaji wa Kifaransa. Ripoti ilionyesha kwamba waliokuwa na wajibu wa kumsikiliza hawakuzungumza naye ipasavyo, na miongoni mwa mapendekezo yake 108 limo linalotaka mkalimani atumiwe pale ambapo mazungumzo na mtoto yanahitajika kwa usalama wake na lugha yake ya kwanza si Kiingereza. Mapendekezo yenyewe yalipangwa kwa muda: ya kutekelezwa katika miezi mitatu, katika miezi sita, na katika miaka miwili. Pendekezo lisilo na muda wala ofisi ya kulitekeleza ni sentensi isiyo na kiima kwa njia nyingine. Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya watoto, na ripoti hii ni mojawapo ya vyanzo vyake.

Ripoti ya Laming haikuwa bila ubishi. Iliwataja kwa majina watumishi wa ngazi ya chini pamoja na wakubwa wao, na kwa jambo hili ilijitahidi kuonyesha kwamba wajibu hupanda ngazi hadi juu. Ugumu wa jitihada hiyo ulionekana miaka michache baadaye. Mtoto mwingine alifariki mwaka 2007 katika mtaa ule ule wa Haringey, na mwishoni mwa 2008 hasira ya magazeti iliwashukia wafanyakazi wa ustawi wa jamii binafsi, huku umma ukiwa umepewa muhtasari tu wa uchunguzi. Ripoti kamili zilichapishwa mwaka 2010. Umma unaponyimwa masimulizi yaliyo kamili huyajaza wenyewe, na mara nyingi humtafuta mtu aliye karibu zaidi na mlango.

Watenda wenye lakabu: Ayalandi, 2009

Huko Ayalandi tume iliyoundwa mwaka 2000 kuchunguza mateso ya watoto katika shule za ufundi na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya Kanisa ilitoa ripoti yake tarehe 20 Mei 2009, katika juzuu tano, chini ya uenyekiti wa Jaji Seán Ryan. Kamati ya faragha ya tume hiyo ilisikiliza wanaume na wanawake 1,090, waliosimulia habari za shule na taasisi 216.

Shirika moja la watawa lilikwenda mahakamani kupinga majina ya watuhumiwa yasitajwe, na mwaka 2004 tume ilikubali njia hiyo. Kwa hiyo watenda katika ripoti wana lakabu. Kwa mtazamo wa hoja ya makala haya, hapa kusitiri kumepewa mtu asiyestahili. Hata hivyo haki yataka pande mbili zielezwe. Baadhi ya watuhumiwa walikuwa wamekufa na hawangeweza kujitetea, na bila maafikiano yale huenda kazi ya tume ingekwama katika kesi kwa miaka mingi. Isitoshe, ripoti ilizitaja taasisi zenyewe, kama vile Artane, Letterfrack na Goldenbridge, kila moja kwa sura yake. Na iliandika bila kusitasita kwamba mateso yalikuwa sehemu ya utaratibu wa uendeshaji. Ripoti iliyonyimwa jina la mtu ilishika jina la nyumba na jina la shirika, na vitenzi vyake vikabaki na viima.

Kilichoharibika zaidi ni siku ya kutolewa. Baadhi ya manusura waliofika kwenye mkutano wa kutangaza ripoti mjini Dublin walizuiwa mlangoni, na waandishi wa habari wakaingia. Mpangilio wa hadhira ni sehemu ya fani. Katika jamii za Waswahili tanzia haipigiwi mbiu sokoni kabla ya kufikishwa nyumbani. Mwenye msiba huketishwa, huitiwa jamaa, ndipo aambiwe. Yeyote anayetoa ripoti ya aina hii hupeleka tanzia, na kanuni ya nani aambiwe kwanza inamhusu.

Ushahidi na ushuhuda: Ayalandi, 2021

Kama tume ya 2009 ilionyesha jinsi sarufi inavyoweza kuokoa sehemu ya ukweli, tume iliyofuata ilionyesha jinsi muhtasari unavyoweza kuupoteza. Tume hii iliundwa mwaka 2015 kuchunguza makao ya akina mama wasioolewa na watoto wao, baada ya Catherine Corless, mwanahistoria wa Tuam, kukusanya vyeti vya vifo vya watoto 796 waliofariki katika makao ya mji huo. Ripoti ilichapishwa tarehe 12 Januari 2021. Ilihusu taasisi 18, wanawake wapatao 56,000 na watoto wapatao 57,000, na ilikadiria kwamba watoto wapatao 9,000 walikufa humo.

Maudhui haya ni mazito kiasi kwamba fani mbaya kidogo tu ingetosha kuleta maafa, na kasoro za fani zilikuwa nyingi. Siku mbili kabla ya kuchapishwa, yaliyomo yalikuwa gazetini, hivyo baadhi ya manusura walijua habari zao kutoka kwa muuza magazeti. Muhtasari ulieleza kwamba wajibu wa ukali waliotendewa wanawake hao uliwaangukia hasa baba wa watoto wao na jamaa zao, huku serikali na makanisa yakiunga mkono. Katika usambazaji huo wa lawama mtenda hafichwi kwa kuondolewa kwenye sentensi. Anafichwa kwa kuzungukwa na watu wengi. Mahali ambapo jamii nzima ni kiima, hakuna anayesimama kizimbani.

Lililowaumiza wengi zaidi ni uhusiano wa ushahidi na ushuhuda. Maneno haya mawili ya Kiswahili yana asili moja ya Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku yanakaribiana: shahidi ni aliyeona, ushuhuda ni kauli ya aliyeona, na ushahidi ni kile kinachothibitisha. Ripoti ya 2021 iliyatenganisha. Watu wapatao 550 walizungumza na kamati ya faragha, na kauli zao zikakusanywa katika sehemu yake ya pekee. Lakini mahitimisho yaliegemea zaidi nyaraka na ushahidi wa kiapo. Ripoti ikaandika kwamba iliona ushahidi mchache sana kuwa watoto walitwaliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao, ingawa ilikubali kuwa wanawake wengi hawakuwa na njia nyingine. Mama aliyekuwa amesimulia hilo hilo mbele ya kamati alisoma ukurasa huo akajiona si shahidi wa maisha yake mwenyewe. Ikazidi kujulikana kwamba rekodi za sauti za mazungumzo hayo zilikuwa zimefutwa. Zilirejeshwa baadaye kutoka kwenye nakala za akiba.

Desemba 2021 ilitangazwa katika Mahakama Kuu ya Ayalandi kwamba manusura waliofungua kesi, ambao wangeweza kutambulika katika ripoti, walinyimwa haki yao ya kuonyeshwa rasimu kabla ya kuchapishwa. Tayari mwezi wa Julai mwaka huo kikundi cha wanazuoni, wengi wao wa sheria, kilikuwa kimeandika muhtasari mbadala. Walitumia nyenzo zilezile zilizokuwa mbele ya tume na wakafikia mahitimisho tofauti kuhusu haki za binadamu zilizovunjwa. Kwa mhakiki tukio hili ni la thamani: habari zile zile, zikipangwa kwa vitenzi vingine na kwa kuheshimu ushuhuda, zilitoa utungo mwingine. Wasomaji wengi huishia kwenye muhtasari, kwa hiyo kosa la kurasa chache za mwanzo haliponywi na kurasa elfu tatu zinazofuata.

Sauti isiyo na sura: Australia na Sierra Leone

Ipo mifano ya kufuatwa. Tume ya Kifalme ya Australia kuhusu dhuluma za kingono dhidi ya watoto katika taasisi ilifanya kazi tangu 2013 hadi Desemba 2017 na kutoa ripoti ya juzuu 17. Iliendesha mikutano ya faragha 8,013, ambamo manusura alizungumza na kamishna bila kuhojiwa kama mtuhumiwa. Kutokana na mikutano hiyo yalichapishwa masimulizi mafupi yapatayo 4,000, majina na mambo ya kutambulisha yakiwa yamebadilishwa. Wakati huo huo taasisi zilizochunguzwa katika vikao vya wazi zilitajwa kwa majina na maafisa wao wakahojiwa hadharani. Huu ndio mgawanyo unaotetewa hapa: sitara kwa mtendwa, mwanga kwa taasisi. Tena zaidi ya manusura elfu moja waliandika ujumbe wao wenyewe kwa taifa, nazo jumbe hizo zikahifadhiwa katika Maktaba ya Taifa. Mtendwa alipewa nafasi ya kuwa nafsi ya kwanza.

Afrika nayo ina mfano wake. Mwaka 2004 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Sierra Leone, ikishirikiana na UNICEF, ilitoa toleo la ripoti yake kwa ajili ya watoto, na watoto wenyewe walishiriki kulitayarisha. Toleo hilo lilikubali jambo ambalo tume nyingi hulisahau, kwamba mtoto aliyetajwa katika ripoti hukua akajifunza kusoma.

Msamiati wa Kiswahili na doa la mtoto

Mwandishi wa Kiswahili atakayeazimu kuandika ripoti kama hizi atakuta msamiati ambao tayari umekwisha kuhukumu. Neno linalotumiwa sana katika magazeti ya Kenya kueleza kosa la mtu mzima kumwingilia mtoto ni "kunajisi". Asili ya neno hili ni najisi, yaani uchafu unaobatilisha tohara. Kiima cha sentensi ni mhalifu, lakini maana ya neno huacha doa kwa yambwa: mtoto ndiye aliyekuwa safi akawa najisi. Neno la Kiingereza lililotumika katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 lina kasoro hiyo hiyo, na huenda Kiswahili kiliipokea kwa njia ya tafsiri. Vivyo hivyo "kumharibu mtoto". Chombo huharibika, tunda huharibika, na vyote viwili hutupwa. "Kubaka" na "kumdhulumu kingono" huliacha doa mahali pake, yaani juu ya mtenda.

Tatizo la pili ni vitenzi vya kupata. Husemwa kwamba wanafunzi kadhaa "walipata mimba" au "walishika mimba", kana kwamba mimba ni kitu kilichoangushwa njiani wakakiokota. Lugha ina "kutiwa mimba" na "kupachikwa mimba", ambazo zinambakiza mtenda katika kiti chake. Ripoti inayohesabu wasichana waliopata mimba katika shule moja bila kuuliza ni nani aliyewatia imekwisha kuamua nani achunguzwe. Kadhalika na "kuolewa". Mtoto wa miaka 13 haolewi, huozwa. Na kitenzi "kuozwa" kinamtafuta mzazi au mlezi aliyeoza. Hata "ndoa za mapema" ni neno la saa na kalenda, lisilo na mtu ndani yake.

Tatizo la tatu ni vitenzi vya hiari. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto wengi, ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Hukumu ya washtakiwa ni kazi ya mahakama. Kazi ya lugha ni nyingine: kukumbuka kwamba kufunga ni ibada ya mtu mwenye nia. Sentensi isemayo kwamba watoto walikufa kwa kufunga inamkopesha mtoto mchanga nia ambayo hakuwa nayo. Mtoto mchanga hafungi, hunyimwa.

Majina ya kuwaita watoto nayo yana uzito. "Chokoraa" hulitaja tendo la kuchokora jalala na kumfunga mtoto humo. "Mwana haramu" huhamisha sheria ya wazazi ikawa sifa ya mwana. Kati ya "mhasiriwa" na "manusura" uchaguzi hautakiwi uwe wa mtindo. Aliyekufa si manusura, na aliye hai aulizwe anavyotaka kuitwa.

Pingamizi

Pingamizi mbili zahitaji kujibiwa. Ya kwanza yasema kwamba lugha yenye kumdhihirisha mtenda huchochea umma kuchukua sheria mkononi. Hofu hii si ya bure, na yaliyotokea Uingereza mwaka 2008 yanaithibitisha. Lakini dawa yake ni ukamilifu, kwa maana ya kuonyesha mnyororo mzima wa wajibu, kutoka kwa mtumishi aliyetembelea nyumba hadi kwa mkuu aliyempa mafaili kupita uwezo wake. Ukungu haumlindi mtu mdogo. Humwacha akiwa ndiye pekee anayeonekana.

Pingamizi ya pili yasema kwamba lugha ya ofisi ni ya ubaridi kwa sababu ukweli wahitaji utulivu. Utulivu ni fadhila, na ripoti isiyo na utulivu hugeuka mahubiri. Lakini sentensi "msimamizi hakulisoma faili" ni tulivu kuliko "kulikuwa na upungufu wa kutisha wa usimamizi". Ya kwanza haina kivumishi hata kimoja. Wenye kuogopa hisia wanapaswa kuogopa vivumishi kwanza, wakaacha viima viishi.

Hitimisho

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyokabidhiwa kwa Rais mwezi wa Mei 2013, ina sura nzima kuhusu watoto, na iliandikwa kwa Kiingereza. Wengi wa waliotoa ushuhuda hawakuzungumza kwa lugha hiyo. Kuna haki iliyosalia kulipwa hapo, nayo ni haki ya shahidi kuisoma kauli yake kwa lugha anayoielewa.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu haziwezi kuunda tume wala kumfikisha mtu mahakamani. Zinaweza kufanya mambo mengine: kuwafundisha wanafunzi, ambao kesho watakuwa makarani, wanahabari na wafasiri, kupima kila kitenzi cha ripoti kwa swali "Na nani?", kuandaa msamiati usiomtia mtoto doa, na kusisitiza kwamba rasimu isomwe kwanza na wale inaowahusu. Somo la kauli za kitenzi hufundishwa katika kila shule ya sekondari, nalo huonekana kuwa la mtihani tu. Mtoto aliyeumizwa na kuandikwa kuwa aliumia amenyang'anywa herufi mbili. Na pamoja na herufi hizo amenyang'anywa shahidi wake wa mwisho.